Namna ya Kumshukuru Rafiki wa Karibu Kabla Hajaripoti Jeshini

Barua ya kujiunga na jeshi ikishamfikia kijana anayeishi Nairobi, mambo huanza kwenda mbio. Kuna vyeti vya kutoa nakala, nyumba ya kupanga ya kukabidhi, kazi ya kuacha kwa heshima, jamaa wa kuaga mjini na mashambani, na orodha ndefu ya vitu vya kununua. Katika pilkapilka hizo marafiki nao huzinduka zikiwa zimebaki siku mbili, wakachangishana haraka, wakanunua nyama na vinywaji, wakakesha, na alfajiri mwenzao akapanda gari akiwa na macho mekundu bila hata mmoja wao kumwambia jambo la kukumbuka. Siipingi nyama choma. Ninachoshikilia ni kwamba shukrani inayomfaa mtu anayeingia kambini ina mambo mawili: kumweleza waziwazi alichokutendea katika miaka ya urafiki wenu, na kumtua sehemu ya mzigo anaouacha nyuma ili aende mafunzoni akiwa na moyo mwepesi. Mwongozo huu unafuata mwendo wa siku zenyewe, tangu barua itoke hadi gwaride la kufuzu.

Hatua ya kwanza: Jua anakwenda wapi, lini, na kwa masharti gani

Usipange lolote kabla ya kuielewa safari yenyewe. Kurutu wa kawaida wa Jeshi la Ulinzi la Kenya, awe wa Nchi Kavu, wa Angani au wa Wanamaji, hupewa mafunzo ya mwanzo katika shule ya makurutu iliyo Moi Barracks, Eldoret, ilhali anayechukuliwa kuwa kadeti, yaani mwanafunzi wa uafisa, huenda katika chuo cha kijeshi kilicho Lanet, Nakuru. Tofauti hiyo ina uzito kwako wewe unayebaki, kwa sababu kwa kurutu unaweza kuhesabu nusu mwaka na zaidi bila kumtia machoni, na kwa kadeti mafunzo huwa marefu kuliko hayo. Eldoret iko takriban kilomita 310 kutoka Nairobi kwa barabara ya Nakuru, na baridi ya huko mwezi wa Julai humtambua mara moja mtu aliyezoea joto la mitaa ya Nairobi kama Pipeline au Dandora.

Mwombe akuonyeshe barua, ukimweleza kwamba unataka kumsaidia kujiandaa, na muisome pamoja mkitafuta mambo matatu: siku na saa ya kuripoti, vitu anavyotakiwa kwenda navyo, na vitu ambavyo haviruhusiwi. Barua ndiyo yenye neno la mwisho. Ikiwa nitakalolisema hapa chini linapingana na kilichoandikwa humo, fuata barua.

Kuna jambo jingine ambalo marafiki huona haya kuligusa, nalo ni uhalali wa barua yenyewe. Usajili wa makurutu nchini Kenya haulipiwi hata senti, lakini matapeli hawakosekani, na imewahi kutokea vijana wakafika Eldoret na mizigo yao wakakamatwa langoni kwa kubeba barua bandia walizouziwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi. Ikiwa rafiki yako hakufika uwanjani siku ya usajili katika kaunti ndogo yake, hakupimwa, hakukimbia, na barua yake imepitia kwa mtu fulani aliyepokea pesa, basi heshima kubwa unayoweza kumfanyia ni kumketisha faraghani na kumshauri aithibitishe barua hiyo kabla watu hawajachinja mbuzi. Atakasirika, pengine. Afadhali akukasirikie wewe leo sebuleni kwake kuliko afike langoni na kutiwa pingu.

Hatua ya pili: Panga siku pamoja na familia yake

Wakazi wengi wa Nairobi husajiliwa katika kaunti walikotoka wazazi wao, kwa hiyo rafiki yako anaweza kuwa anaishi Umoja ilhali jina lake lilitoka Mwingi au Kakamega. Maana yake ni kwamba ataondoka Nairobi siku kadhaa kabla ya tarehe iliyo kwenye barua, ili akaage nyumbani, apate baraka za wazee, na pengine aombewe kanisani au asomewe dua. Siku uliyo nayo wewe ni ile ya yeye kutoka mjini, si ile ya kuripoti, na wengi hulitambua hilo wakiwa wamechelewa.

Mpigie simu mama yake au kaka yake mkubwa uulize familia imepanga nini. Usishindane nao. Usiku wa mwisho uachie familia, nawe uchague Jumapili iliyo kabla ya siku ya yeye kutoka mjini, mchana, wakati ambapo watu wengi hawako kazini na magari ya kurudi makwao yangalipo. Ukizungumza na mama, anza na salamu ndefu kama ilivyo desturi, kisha useme wazi: "Mama, sisi marafiki tungependa kukaa naye Jumapili mchana, na saa kumi na mbili jioni tutakuwa tumemwachilia." Ahadi ya saa humtuliza mzazi kuliko maelezo mengi, ila lazima itimizwe.

Hatua ya tatu: Andika unachomshukuru

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapoteleza. Tumezoea kusema kwamba fulani ni mtu wa watu, ana roho safi, hana ubaya na mtu. Maneno hayo ni mazuri, lakini yanaweza kusemwa juu ya mtu yeyote, hata juu ya mtu ambaye msemaji hamjui vizuri, na ndiyo maana hayamgusi anayeambiwa. Mtu anayekwenda mahali ambapo atanyolewa, atapewa namba na kuvalishwa sawa na mamia ya wenzake, anahitaji kwenda akijua kwamba kuna watu wanaomkumbuka kwa mambo ambayo yeye peke yake ndiye aliyeyafanya.

Chukua karatasi siku saba hivi kabla ya kukutana naye na uorodheshe matukio. Usiorodheshe sifa. Kwa kila tukio jiulize maswali matatu: ilikuwa lini na wapi, alifanya nini hasa, na maisha yako yalibadilika vipi kwa sababu hiyo. Mengine utayakumbuka ukiwa katika matatu au ukiosha vyombo, kwa hiyo iache karatasi mfukoni. Kisha chagua tukio moja au mawili, yale ambayo hujawahi kumwambia, na uyaandike katika barua fupi kwa mkono wako. Barua kama hii, kwa mfano, inatosha kabisa:

"Rafiki yangu, mwaka ule nilipofutwa kazi, ulikuja kwangu Jumapili jioni ukiwa na pakiti mbili za unga na chupa ya mafuta ya kupikia, ukasema ulikuwa unapita tu. Nilijua hukuwa unapita, kwa sababu wewe unakaa Kayole na mimi nilikuwa Kangemi. Ulirudi tena Jumapili iliyofuata, na hukuniuliza hata mara moja nitalipa lini. Kama si unga ule, ningefunga nyumba nikarudi kwetu, na kazi niliyo nayo leo niliipata kwa sababu simu ilipopigwa nilikuwa bado mjini. Sijawahi kukuambia. Asante."

Tazama kwamba barua hiyo haina sifa hata moja, na bado hakuna anayeweza kuisoma akakosa kujua mwandishi anamwonaje rafiki yake. Kilichofanya kazi ni Kayole na Kangemi, yaani upande mmoja wa jiji na upande wa pili, magari mawili ya kuunganisha na nauli ya kwenda na kurudi. Tafuta jambo la namna hiyo katika urafiki wenu.

Baada ya kuandika, soma tena na uondoe sentensi zote zinazokuhusu wewe na huzuni yako. Wewe utamkosa, hilo linaeleweka, lakini barua inayolalamika kwamba utabaki mpweke humwongezea anayeondoka deni la kukubembeleza, na yeye ana ya kwake ya kutosha.

Hatua ya nne: Mwambie ana kwa ana, mkiwa wawili

Barua haitoshi peke yake, maana huenda asiisome mpaka awe garini. Mtengee muda wa peke yenu kabla ya ile Jumapili ya wengi. Wanaume hasa huona taabu kuambiana mambo ya moyoni wakitazamana, na mzaha huingia haraka kuokoa jahazi. Dawa yake ni kutembea. Mnapotembea bega kwa bega hakuna anayelazimika kuangalia uso wa mwenzake, na ukimya wa dakika mbili hauonekani kuwa mzito. Msitu wa Karura unafaa, bustani ya Arboretum inafaa, na mwenye kupenda historia anaweza kumpeleka Uhuru Gardens kwenye barabara ya Lang'ata, mahali ambapo bendera ya Kenya ilipandishwa kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Wakiwa katikati ya jiji, marafiki wanaweza pia kupiga picha kwenye sanamu ya watu watatu iliyo Kenyatta Avenue, ambayo ilizinduliwa mwaka 1928 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliohudumu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu wengi hupita pale kila siku wakikimbilia matatu bila kusoma maandishi yake, ambayo yameandikwa kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza.

Katika mazungumzo hayo mwache naye aseme. Muulize anaogopa nini, kisha unyamaze. Jeshi la Kenya limekuwa na askari nchini Somalia tangu Oktoba 2011, na kijana yeyote anayejiunga leo anajua hivyo, kama anavyojua kuhusu shambulio la Januari 2016 kwenye kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia. Usimwambie kwamba hakuna la kuogopa. Akisema anaogopa, mwambie kwamba umesikia, na umuulize angependa wewe ufanye nini ikiwa mama yake atapata habari za kumtia wasiwasi. Swali hilo gumu litamfaa kuliko faraja za juujuu.

Yapo maneno ambayo hayafai kusemwa hata kwa utani. La kwanza ni mizaha ya kifo, kama vile kumwambia aache suti yake kwa kuwa hataihitaji tena. La pili, ambalo kwa maoni yangu huumiza zaidi kwa sababu husemwa na wengi, ni lile la "usitusahau mshahara ukiingia." Kijana hajavaa hata buti la kwanza, na tayari amekwisha kuhesabiwa kama mti wa matunda uani. Ikiwa unataka kumshukuru mtu kwa aliyoyafanya, usimtumie ankara ya atakayoyafanya.

Hatua ya tano: Chagua zawadi inayoingia kambini, au inayobaki nyumbani kwa niaba yake

Zawadi nyingi wanazopewa makurutu hazivuki lango. Simu, saa za bei, mikufu, manukato na fremu kubwa za picha ama zitarudishwa ama zitakaa zimefungiwa kwa miezi. Zaidi ya hayo, usimnunulie wala usivae wewe mwenyewe koti, kofia au suruali ya madoadoa ya kijeshi ili "kumpa hamasa", kwa kuwa sheria za Kenya zinakataza raia kuvaa sare za jeshi, na nguo hiyo inaweza kumharibia Jumapili yote mtu aliyekuja kula pilau tu.

Rudi kwenye orodha ya barua na ugawanye vitu miongoni mwa marafiki, kila mmoja achukue alichoweza. Kwa kawaida vitu vyenyewe ni vya kawaida: fulana nyeupe zisizo na maandishi, kaptura, soksi, taulo, sabuni, rangi ya viatu nyeusi na brashi yake, kufuli, sindano na uzi, madaftari na kalamu. Sanduku la bati, kama linahitajika, lipo Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, na ni vyema kulijaribu kulifunga na kulifungua pale pale kabla ya kulipa. Viatu vya kukimbilia vikinunuliwa Gikomba, mwenyewe awepo ajaribu, kisha avivae kila jioni kwa siku kadhaa ili vimzoee mguu. Malengelenge ya wiki ya kwanza hayana shujaa.

Kuna zawadi mbili ndogo ambazo huzidi zote kwa faida. Ya kwanza ni karatasi ngumu ya ukubwa wa kiganja, iliyoandikwa kwa wino usiofutika namba za simu za watu kumi wa muhimu. Karibu sote tumeacha kukariri namba, na siku kurutu atakaporuhusiwa kupiga simu ya dakika chache atakuwa hana kitabu cha majina cha kutazama, hivyo asipokuwa na karatasi hiyo atabaki akikumbuka namba ya mama yake hadi tarakimu ya sita. Ya pili ni picha moja iliyosafishwa studioni, ndogo ya kuingia katikati ya kurasa za daftari au za Biblia au msahafu mdogo, ambayo nyuma yake mmeandika tarehe na majina ya waliomo.

Hatua ya sita: Chukua mzigo mmoja na uubebe mpaka arudi

Mtu akiwa kambini hapokei simu za mwenye nyumba, haendi mkutano wa chama cha kuweka akiba, wala hawezi kumpeleka mama yake kliniki. Kila rafiki wa kweli achague jambo moja kati ya hayo, aliseme mbele ya wengine, na aliandike. Moja tu. Anayeahidi kushughulikia kila kitu kwa kawaida hushindwa na vyote ifikapo mwezi wa tatu.

Nyumba ndiyo ya kwanza. Ikiwa anaiacha, msaidie kutoa notisi kwa wakati, kuhamisha vyombo na kudai amana yake kwa mwenye nyumba, kazi inayohitaji mtu wa kwenda na kurudi bila kuchoka. Ikiwa vyombo vitakaa kwako, viandike vyote kwenye karatasi na mtie sahihi nyote wawili, hata kama mmelelewa pamoja tangu utotoni, kwa maana jiko la gesi limewahi kuvunja urafiki wa miaka mingi.

Simu inahitaji akili zaidi. Laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa na kampuni na baadaye kupewa mtu mwingine, na laini hiyo ndiyo yenye M-Pesa yake, akaunti zake na jina lake katika chama. Kubalianeni nani atakaa na laini hiyo, ikiwezekana mtu wa familia yake, aiwekee salio dogo na kuitumia mara kwa mara ili isilale. Namba ya siri abaki nayo mwenyewe kichwani. Kama ana deni la Fuliza, yaani mkopo mdogo wa M-Pesa, lipeni kabla hajaondoka, kwa kuwa deni hilo hukua kila siku likiachwa, na nijuavyo mimi ni marafiki wachache wanaofikiria kwamba kumfutia mwenzao deni hilo ni zawadi tamu kuliko keki.

Katika chama, mwambie mweka hazina mbele yake kama michango yake itasimamishwa au utamlipia na kwa muda gani, na jambo hilo liingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Kama mama yake hana ajira rasmi, muulize rafiki yako kama mchango wa bima ya afya ya SHA umelipwa, maana kwa watu wa kundi hilo hulipwa wa mwaka mzima, na hakuna wakati mbaya wa kugundua kwamba haukulipwa kuliko ukiwa kwenye foleni ya hospitali. Ukijitolea kumtembelea mama huyo, taja siku. "Nitakuwa nikipita" haina maana yoyote. "Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nitakuja kukuona, mama" ni neno ambalo mzazi atalishika, naye atakuwa amekuwekea chai.

Hatua ya saba: Jumapili yenyewe

Iwe ndogo. Watu kumi na wawili wanaomjua vizuri wanatosha. Nyama ya Kenyatta Market au ya Kariokor ni nzuri ikiwa mmechanga vya kutosha, lakini sufuria ya pilau na kachumbari nyumbani kwa mmoja wenu huwapa watu nafasi ya kusikilizana, jambo ambalo ni gumu mahali penye muziki wa kupasua masikio. Pombe iwe kidogo au isiwepo kabisa, kwa kuwa makurutu huchunguzwa tena afya wanaporipoti, na mtu anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya mguu alioteguka akicheza mpira wa kuagana, au kwa sababu ya kitu alichovutishwa na marafiki, huwa amepoteza nafasi aliyoisotea kwa miaka.

Wasemaji wasizidi watatu au wanne, na kila mmoja aeleze tukio moja. Mtangulize anayeweza kuchekesha, afuate mwenye jambo zito, na mkubwa wa umri afunge kwa maombi au dua. Anayeondoka asilazimishwe kutoa hotuba. Mjadala wa siasa, wa mishahara ya wanajeshi, au wa kwa nini aliacha kozi yake chuoni usipewe nafasi siku hiyo. Na barua yake isipigwe picha ikasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, kwa kuwa ina jina lake, namba ya kitambulisho na mahali anapokwenda.

Ikiwa rafiki yako ni mwanamke mwenye misuko, nywele hizo zitafumuliwa kabla ya safari, na hiyo ni kazi ya saa nzima na zaidi inayohitaji mikono ya watu wawili au watatu. Msimwache aende saluni peke yake. Mketisheni kwenye kigoda, mmoja upande wa kulia na mwingine wa kushoto, wembe mdogo wa kukata uzi na kitana cha mkia vikipokezanwa, na maneno mnayotaka kumwambia yatapata njia yenyewe bila kuitishwa kikao. Nimeona jambo hili likifanya kazi kuliko sherehe yoyote, pengine kwa sababu anayefumuliwa hana pa kwenda.

Hatua ya nane: Asubuhi ya kuondoka

Hapa hakuna mengi. Ikiwa anaondokea Nairobi kwenda kuripoti, mkatie tiketi mapema, kwa kuwa wakati wa kuripoti magari ya kwenda Eldoret hujaa, na umfikishe steji saa moja kabla. Kagueni pamoja mkoba wa stakabadhi: barua, kitambulisho cha taifa, vyeti vya shule na nakala zake, na chochote kingine barua ilichotaja. Akabidhi simu kwa aliyekubaliwa. Mpe barua yako mkononi, mkumbatie, na uondoke gari likitoka, bila kumpigia simu kila kituo kuanzia Limuru hadi Burnt Forest.

Wanaotaka kumsindikiza hadi langoni wajue kwamba kambi za jeshi hazipigwi picha, na msafara wa magari unaopiga honi utamfanya atambulike siku ya kwanza kwa jambo ambalo hangependa litambuliwe.

Hatua ya tisa: Miezi ya ukimya

Utakaa muda mrefu bila habari zake. Usiutafsiri ukimya huo kuwa majivuno, na usiruhusu kundi la marafiki lianze kusema kwamba amebadilika. Uliza familia yake kama kuna njia inayoruhusiwa ya kumfikishia barua, na kama ipo, mwandikie habari ndogondogo za mtaani: nani ameoa, timu yake imepanda au imeshuka, barabara ipi hatimaye imetiwa lami. Wakati huo huo endelea na mzigo ulioubeba, ukiweka risiti zote katika bahasha moja.

Gwaride la kufuzu likikaribia, ulizia mapema familia imeruhusiwa kuwa na wageni wangapi na stakabadhi gani za kuingilia, na ukipata nafasi, tafuta malazi Eldoret kabla ya wiki hiyo, kwa kuwa familia kutoka kila kona ya nchi hufika kwa pamoja. Vaa nadhifu, beba kitambulisho, na uache begi kubwa mahali pa kulala. Makurutu watakapoachiwa kukutana na jamaa zao, ambao huwatafuta kwa shida kwa kuwa wote wamevaa sawa na wamekonda sawa, mwache mama yake atangulie, kisha baba na ndugu zake. Bahasha ya risiti usimpe pale uwanjani. Msubiri apate likizo afike Nairobi, mketi naye, mpitie kodi, chama, laini ya simu na vyombo kimoja baada ya kingine, naye atie sahihi kwamba amepokea vyake.

Tangu hapo weka alama kwenye kalenda yako tarehe 14 Oktoba, ambayo ni Siku ya Jeshi la Ulinzi la Kenya, na umtumie ujumbe kila mwaka popote atakapokuwa amepelekwa.